Vitabu vitatu vya gorila, wanafunzi 72: nianzie wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la pili katika shule ya msingi hapa Bukoba, wanafunzi 72. Mgeni mmoja alituachia vitabu vitatu vya picha kuhusu gorila, vyote vya Kiingereza. Kimoja kina picha za kamera, kimoja ni cha michoro, na cha tatu kinaeleza maisha ya Mzungu aliyekwenda kuwachunguza msituni. Watoto wanavigombania, lakini nikianza kutafsiri ukurasa kwa ukurasa wanasinzia. Nusu ya darasa inashikilia kwamba gorila anakula watu. Vitabu vyenyewe havikubaliani hata idadi ya gorila waliobaki. Kuna na ukurasa wa gorila aliyenaswa mtegoni. Niliuruka, mtoto mmoja akauliza kwa nini nimefunua kurasa mbili. Nivitumieje? Na je, ni vibaya nikikifumua kimoja nikabandika kurasa zake ukutani ili wote waone? Na inafaa niwaahidi safari ya kwenda kuwaona gorila?"

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Kwenye barua yako nimempenda sana huyo aliyekuuliza kwa nini umefunua kurasa mbili. Yeye ameshaanza kusoma vitabu vya aina hii inavyopaswa, na Kiingereza hajui. Tukiweza kuwafikisha wenzake 71 pale alipo yeye, gorila watakuwa wamefanya kazi yao.

Kutafsiri achana nako. Hadithi ya sungura na fisi ukiruka kurasa mbili umeiharibu, maana kila tukio limebebwa na lililotangulia. Kitabu cha maarifa hakiko hivyo. Kina yaliyomo mbele na faharasa nyuma, kina ramani, kina picha yenye maelezo yake chini, na mtu hukifungua pale penye jambo analolitaka. Kwa hiyo chagua ukurasa mmoja kwa kipindi kimoja, na si lazima uwe ukurasa wa kwanza. Jioni ya kuamkia kipindi andika sentensi mbili au tatu za Kiswahili kwenye kipande cha karatasi, ukibane kwenye ukurasa kwa klipu. Kwa mfano, ukurasa wa gorila akiwa amelala unaweza kuandikiwa hivi: "Kila jioni gorila hutandika kitanda kipya kwa matawi na majani. Mtoto hulala pamoja na mama yake. Asubuhi wanaondoka, hawarudii kitanda cha jana." Inatosha. Mambo mengine yaliyojazwa kwenye ukurasa huo yasikusumbue.

Usianze kusoma kikaratasi chako, ingawa mkono utawasha. Onyesha picha kwanza, maneno umeyafunika, uwaulize wanaona nini. Watasema majani, watasema mkono, watasema analala, mmoja atasema amekufa. Waache waseme. Kisha wasomee sentensi zako, halafu uliza swali ambalo ndilo nitakalokung'ang'aniza nalo katika jibu hili lote: lipi tumeliona kwenye picha, na lipi tumeambiwa na mwandishi? Kwamba amelala juu ya majani, tumeona. Kwamba kitanda ni kipya kila siku, hatukuona, tumeambiwa. Na aliyetuambia amejuaje? Darasa la pili wanaliweza swali hilo. Wakilizoea mara tatu nne wataanza kukuuliza wewe, ukae tayari.

Sasa kuhusu wingi wao. Kitabu kimoja mbele ya watoto 72 maana yake safu mbili zinaona na nyuma wanapigana viwiko. Wagawe vikundi sita vya watoto 12. Kikundi kimoja kinakaa chini mkekani pamoja nawe na kitabu, vingine vina kazi ya kuchora au kuandika, mnabadilishana. Itakuchukua vipindi viwili au zaidi kumaliza ukurasa mmoja. Hiyo si hasara. Mtoto aliyekaa sentimita 30 kutoka kwenye picha huona vitu ambavyo hata wewe hujaviona.

Kwa kazi ya kwanza nakupa pua. Katika kitabu cha picha za kamera tafuta kurasa zenye nyuso zilizopigwa kwa karibu. Juu ya tundu za pua za gorila kuna mikunjo, mistari inayopinda, mingine mifupi, mingine inakutana katikati. Hakuna gorila wawili wenye mistari inayofanana kabisa. Watafiti na askari wa hifadhi katika milima ya Virunga, mpakani mwa Rwanda, Uganda na Kongo, huichora mistari hiyo kwa penseli kwenye daftari na kuwatambua gorila kwayo, huyu nani, yule nani, mtoto wa nani. Mchoro wenyewe hauhitaji ufundi wowote: matundu mawili na mistari michache juu yake. Kila mtoto achague uso mmoja kitabuni achore pua tu, bila macho wala mdomo. Halafu michoro ichanganywe mezani na kikundi kingine kitafute kila pua ni ya picha ipi. Watabishana, watarudi kwenye kitabu kuhakiki, na hapo ndipo penyewe: mtoto anafungua kitabu kutafuta ushahidi.

Kama mwalimu mkuu ni mtu wa watu, azima kidau cha wino wa mhuri, kila mtoto abonyeze kidole gumba chini ya mchoro wake. Gorila naye ana alama za vidole kama sisi. Watataka kujua kama mbuzi anazo. Mwachie mbuzi ajibiwe nyumbani.

Baada ya pua, vipimo, kwa sababu picha kwenye ukurasa humfanya gorila mzima na mtoto wake waonekane wadogo sawa. Mtoto wa gorila akizaliwa ana kilo 2 hivi. Pakiti mbili za sukari za kilo moja kwenye mfuko, zipite mkono kwa mkono darasani. Waambie wakaulize nyumbani, kwenye kadi ya kliniki ya mdogo wao, alizaliwa na kilo ngapi. Wengi watarudi na tatu, tatu na kitu. Basi mnyama yule wa kutisha huzaliwa mdogo kuliko mtoto wa jirani. Dume zima hupita kilo 160, na akinyoosha mikono, kutoka ncha hadi ncha inaweza kufika mita mbili na nusu. Ichoreni kwa chaki kwenye ukuta wa nje, kila mtoto asimame anyooshe yake.

Hapo utakuwa umefika kwenye suala la kula watu. Usiwaambie tu "si kweli". Waambie watafute. Wapitie vitabu vyote vitatu, waorodheshe kila kitu kinachoonekana mkononi au mdomoni mwa gorila. Watakuta majani, mabua, machipukizi ya mianzi, magome, pengine tunda. Gorila wa milimani hula majani na mabua karibu siku nzima, wakati mwingine pamoja na wadudu kama siafu. Wa nyanda za chini hula matunda zaidi. Nyama ya mtu haimo, ya swala haimo. Mtoto mwerevu atakuambia: mbona ana meno marefu vile? Swali zuri hilo, na jibu lake ni kwamba madume huyatumia kutishana na kupigana wenyewe kwa wenyewe, na kulinda familia.

Hofu hii ina historia. Mwaka 1861 msafiri Paul du Chaillu alichapa kitabu cha safari zake katika eneo la Gabon ya leo, na gorila wake walikuwa majinamizi ya kunguruma na kuvunja bunduki. Wasomaji wa Ulaya na Marekani walikipenda, wachoraji wakaongeza chumvi, na filamu za Marekani zikayachukua hayo kuanzia miaka ya 1930. Watoto wako wameyapata kwenye katuni na video za simu za baba zao. Lakini nakuomba usiende upande wa pili ukamfanya gorila kuwa mwanasesere. Vitabu vingi vya siku hizi vinafanya hivyo: kila ukurasa kichanga chenye macho makubwa. Dume la mgongo wa fedha, yaani dume lililokomaa lenye mvi mgongoni, likihisi familia yake iko hatarini hukimbilia mtu kwa kishindo, na linaweza kuuma. Waambie yote mawili. Watoto hawashindwi kubeba mambo mawili kwa pamoja, wanaishi na mbwa wa jirani.

Kitabu chako cha michoro sikijui, lakini angalia ukurasa wa gorila anayejipiga kifua. Kama mchoraji amemchorea ngumi zilizofungwa, amekosea. Gorila hupiga kifua kwa viganja vilivyofunguliwa na kukunjwa kidogo kama kikombe. Usiwaambie jibu. Toka nao nje wajipige kwanza kwa ngumi, kisha kwa viganja, wasikilize tofauti ya sauti. Kisha warudi kwenye picha za kamera kuona mikono ikoje. Mtoto wa miaka minane anapogundua kwamba kitabu kilichotoka ng'ambo, chenye jalada gumu na karatasi ya kung'aa, kimekosea, mabega yake hupanda. Afadhali agundue hilo kwa gorila kuliko kwa kitabu cha kiada karibu na mtihani.

Picha za kamera nazo zina ujanja wake. Kuna spishi mbili za gorila. Wa magharibi wako Gabon, Kameruni, Kongo-Brazzaville na nchi za jirani. Wa mashariki wako upande wetu, na wamegawanyika: wale wa milimani, waliopo Virunga na msitu wa Bwindi, Uganda, peke yake, na wale waitwao gorila wa Grauer, wakubwa kuliko wote, wanaoishi mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tu, kama katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega karibu na Bukavu. Gorila unaowaona kwenye bustani za wanyama za Ulaya na Marekani karibu wote ni wa magharibi, wa nyanda za chini. Wa milimani hayupo bustani yoyote. Sasa mchapishaji mwenye haraka huchukua picha rahisi ya bustanini na kuiweka kwenye ukurasa unaozungumzia milima ya Rwanda. Utamjua kwa manyoya. Gorila wa milimani ana manyoya marefu, mazito, meusi, kwa sababu kule ni baridi kali. Wa magharibi ana manyoya mafupi, na mara nyingi utosini ana wekundu au kahawia. Tazama pia nyuma ya gorila: ukuta wa saruji, kamba nene, nyasi zilizofyekwa? Kitabu kizuri huwa na ukurasa wa mwisho au wa pili wenye maandishi madogo unaosema kila picha imepigwa na nani, na pengine wapi. Usome huo kabla ya mwingine wowote.

Na kwa kuwa mko Bukoba, yupo atakayesema gorila wapo Rubondo, mjomba wake amewaona. Walioko Rubondo ni sokwe, waliopelekwa kisiwani miaka ya 1960 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, ndugu wa wale wa Gombe na Mahale. Sokwe ni mdogo kwa umbo, ana masikio makubwa, hula na nyama anapoipata. Porini Tanzania gorila hayuko. Ila fungua ramani ya Afrika Mashariki uweke rula: kutoka Bukoba hadi msitu wa Bwindi, Uganda, kwa mstari ulionyooka ni kilomita 230 na ushei. Kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya mara nne ya hapo. Watoto wako wako karibu na gorila kuliko Watanzania walio wengi, na vitabu vilivyotoka ng'ambo haviwezi kuwaambia hivyo.

Namba zisizokubaliana usizifiche, ni zawadi hizo. Nenda ukurasa wenye mwaka wa kuchapwa, uandike ubaoni mwaka wa kila kitabu na idadi inayoitaja. Kwa Virunga peke yake, sensa ya 2003 ilipata gorila 380, ya 2010 ikapata 480, na ile ya 2015 na 2016 ikapata 604. Bwindi, katika sensa ya 2018, walikuwa 459. Ukijumlisha hizi mbili za mwisho unapata 1,063, na mwaka 2018 gorila wa milimani wakashushwa daraja la hatari katika orodha ya kimataifa, kutoka walio hatarini kabisa kwenda walio hatarini. Kitabu cha 2005 kitakachosema kuna gorila 700 hakidanganyi. Ni cha zamani. Hilo watoto wanalielewa vizuri sana ukiwauliza: darasani kwetu tulikuwa wangapi Januari, na leo tuko wangapi?

Watataka kujua gorila wanahesabiwaje maana hawapangi mstari. Hapa una kicheko cha mwaka mzima. Makundi ya watu huupita msitu wote wakitafuta vile vitanda vya usiku, wanavihesabu, kisha wanachukua kinyesi kilichoachwa kitandani na kukipeleka maabara. Kwenye kinyesi hicho wanapata vinasaba vya kila mmoja, hivyo hakuna anayehesabiwa mara mbili. Sasa rudi kwenye ukurasa wa kitanda tuliouanza. Ule uliokuwa mwepesi umekuwa na maana nyingine, nao watauomba tena wenyewe.

Tuje kwenye mtego. Usiuruke, mwalimu. Yule mtoto ameshaona kwamba kuna kitu umekificha, na akilini mwake sasa kuna picha mbaya zaidi ya ile iliyo kitabuni. Lakini darasa la pili hawahitaji yote. Waambie kwamba waya au kamba ile haikuwekwa kwa ajili ya gorila. Watu huitega kuwanasa pongo na funo kwa ajili ya nyama, na gorila mdogo anayecheza hukanyaga. Askari wa hifadhi hupita msituni wakiing'oa, na wapo madaktari wa wanyama wanaopanda mlimani kumchoma gorila sindano ya usingizi wakamvua kitanzi na kumtibu kidonda, kisha wakamwacha na familia yake.

Halafu wape kisa hiki cha kweli. Mwaka 2012, katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano nchini Rwanda, siku chache baada ya gorila mdogo kufa kwa kunaswa, mfuatiliaji aliona mtego mwingine karibu na kundi lile lile. Mtego wa aina ile ni tawi lililopindwa kwa nguvu na kufungwa kamba yenye kitanzi, ukiugusa tawi linafyatuka. Alipotaka kusogea autegue, dume la mgongo wa fedha likamkoromea asimame. Ndipo gorila wawili wa miaka minne hivi, Rwema na Dukore, walipoukimbilia. Mmoja akalirukia tawi akalivunja, mwenzake akakifungua kitanzi. Wakaenda kutegua na mwingine. Huna haja ya kuongeza neno. Uliza tu lile swali letu: aliyewaona ni nani, amejuaje?

Wawindaji usiwafanye mashetani. Darasani mwako huenda yupo mtoto ambaye babu yake alitega mitego, na aliwalisha watu nayo.

Kitabu cha tatu, cha mtafiti Mzungu, nitabahatisha kwamba ni cha Dian Fossey, Mmarekani aliyeanzisha kituo cha Karisoke mwaka 1967 kati ya milima ya Karisimbi na Bisoke, upande wa Rwanda, akauawa hapo Desemba 1985. Alifanya kazi kubwa, nami simpunguzii. Tatizo la vitabu vya aina hii liko pembeni ya picha. Kuna Mwafrika amebeba mzigo, kuna anayekata njia kwa panga, kuna aliyesimama nyuma, na maelezo ya picha yanasema "msaidizi". Ukifika madarasa ya juu, la tano kwa mfano, wape kazi ya kuhesabu: watu wangapi wanaonekana kitabuni, wangapi wametajwa kwa jina? Gorila wangapi wametajwa kwa jina? Mara nyingi gorila wanawashinda watu. Waulize basi ni nani aliyemwonyesha mtafiti njia, aliyejua kinyesi cha leo na cha jana kwa kukitazama.

Kuna watu wengine hawamo kabisa kwenye kurasa, nao ni Wabatwa, walioishi katika misitu hiyo vizazi na vizazi. Bwindi na Mgahinga, huko Uganda, zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991 walitolewa. Kahuzi-Biega walitolewa tangu miaka ya 1970. Kwa darasa la pili sentensi moja inatosha: kulikuwa na watu wanaoishi msitu huu, wakahamishwa. Wakubwa wanaweza kujadili kama ilikuwa haki.

Kujaza pengo hilo una mifano ya watu wanaojulikana. Huko Rumangabo, katika Hifadhi ya Virunga upande wa Kongo, André Bauma amelea gorila yatima kwa miaka mingi. Ndakasi aliokotwa mwaka 2007 akiwa na umri wa miezi miwili, ameng'ang'ania mwili wa mama yake aliyeuawa, akalelewa na kukua hadi akafa kwa ugonjwa Septemba 2021, mikononi mwa Bauma. Picha yake akiwa amesimama nyuma ya askari wa hifadhi kama anayepigwa picha ya harusi ilizunguka dunia mwaka 2019, na pengine unayo kwenye simu bila kujua ni nani. Ichapishe, ibandike ndani ya kitabu cha tatu.

Kuna jingine la madarasa ya juu, ukitaka kuunganisha na historia. Gorila wa milimani aliingia katika vitabu vya sayansi baada ya Kapteni Robert von Beringe, ofisa wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, kuwapiga risasi wawili kwenye mlima Sabyinyo, mmoja wa milima ya Virunga, mwezi Oktoba 1902, akiwa safarini kutoka Usumbura, Bujumbura ya sasa. Serikali yake ndiyo iliyotawala Bukoba yenu pia. Jina la kisayansi la gorila wa mashariki, Gorilla beringei, limetokana naye. Wenyeji wa milima hiyo walikuwa wanawajua gorila siku zote.

Umeniuliza pia, chini ya barua, kama inafaa kuwaahidi watoto safari ya kwenda kuwaona. Hapana. Rwanda, Uganda na Kongo zote haziruhusu mtu chini ya miaka 15. Wala si kwa ajili ya kuwakinga watoto dhidi ya gorila. Ni kwa ajili ya gorila: mafua na magonjwa ya utotoni humpata gorila kutoka kwetu, na watoto ndio wabebaji wakubwa. Hata watu wazima hutakiwa kukaa mita 10 mbali nao, kwa saa moja tu, na Rwanda kibali cha mgeni kutoka nje ya Afrika ni dola 1,500. Kwa hiyo mtoto wa Bukoba na mtoto wa tajiri wa New York wako sawa hapa. Wote wanamtegemea mpiga picha. Pima mita 10 uwanjani kwa kamba, simamisha kitabu kimefunguliwa upande mmoja, watoto upande mwingine, uone wanachoweza kukitambua. Kisha wavute hadi kwenye ukurasa.

Muhula ukikaribia kuisha watengeneze kitabu chao, cha karatasi za manila zilizokunjwa na kushonwa katikati. Kila kikundi ukurasa mmoja: pua, kitanda, chakula, kipimo, idadi, mtego. Sharti langu ni moja: chini ya kila jambo waandike wamelipata wapi, kitabu gani, ukurasa wa ngapi, au "tumejaribu wenyewe". Kama kitabu kilikosea, waandike kilikosea. Majina ya waandishi wote 72 nyuma, kwa maandishi yao. Gorila waliochora wapeni majina mkitaka. Rwanda wana sherehe yao ya Kwita Izina tangu 2005, ambapo vichanga wa gorila hupewa majina mbele ya umati.

Kuhusu kukifumua kitabu: cha picha za kamera usikiguse, hicho kinahitaji kushikwa na kufunguliwa, na watoto wajue kurasa hufuatana. Cha mtafiti pia kibaki kizima. Kile cha michoro, hasa kama kina zile ngumi, kifumue bila wasiwasi. Toa pini au uzi wa katikati badala ya kuchana, funika kila ukurasa kwa nailoni nyepesi ya kufunikia madaftari, na uzibandike chini, usawa wa macho ya mtoto wa miaka minane, si juu ya ubao walimu tunapopenda. Acha nafasi pembeni ya kila ukurasa ya kubandika vikaratasi vya watoto. Na kama kitabu kimeshaandikwa kwenye leja ya vifaa vya shule, mwambie mwalimu mkuu kabla hujakifumua, kwa sababu mkaguzi akija atakitafuta kabatini.